Mtoto wa PP1 hajali andalio lako la somo

Siku mwalimu wa chuo alipokuja kunikagua, darasa langu la PP1 lilinyamaza kama liko kanisani. Watoto 26 wa miaka minne, kimya! Mgeni aliketi nyuma kwenye kile kiti kidogo, magoti yakikaribia kidevu, akaomba faili. Andalio la somo? Lipo. Maazimio ya kazi? Yapo. Dakika 20 hivi, nikatia sahihi, akaenda zake shule inayofuata. Alama zilikuwa poa, kwa hivyo msidhani naandika kwa kinyongo.

Gari lake lilipotoka tu getini, mtoto mmoja alijikojolea, mwingine akamng'ata mwenzake juu ya kalamu ya rangi. Mimi nimesimama katikati, sijui nianze na nani. Msimamizi alihitajika hapo, manze! Aliyeniokoa ni mwalimu wa darasa. Alimtoa yule aliyelowa polepole, wenzake wasijue, akanipa ishara nianzishe wimbo. Hakusema neno. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunifunza hilo, na kwenye fomu ya chuo mama huyo hana hata mstari mmoja.

Najua mtasema wahadhiri ni wachache na wanafunzi wa TP wametawanyika kote. Kweli. Chekechea ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na nyingine ziko mbali na lami. Lakini kama chuo kinaweza kufika mara mbili tu kwa muhula, si basi kimpe sehemu ya alama mtu anayeniona kila siku? Na kikija, kije asubuhi, mtoto aking'ang'ania leso ya mamake mlangoni. Hapo utajua kama mimi ni mwalimu. CBC inataka mtoto wa umri huu ajifunze kwa kucheza, halafu mwalimu wake anapimwa kwa makaratasi. Hesabu gani hiyo?

Halafu kuna mambo ya kuku. Comrade yeyote aliyeenda TP anaelewa. Hakuna anayekulazimisha kumpikia mkaguzi, lakini nani atathubutu kumpa chai ya rangi na mkate mkavu, na kalamu iko mkononi mwake? Mwenzangu alikopa pesa ya kuku na chapati siku mbili kabla ya ukaguzi. Deni alilipa baada ya TP kuisha.

Mimi niliacha chuo muhula uliofuata. Karo ilinishinda, hiyo ni stori ya siku nyingine. Juzi nilimpigia simu yule mwalimu wa darasa, akaniambia ana mwanafunzi mwingine wa TP. Nikamuuliza, "Na safari hii, Madam, chuo kimekuuliza chochote kumhusu?"

Alicheka tu, akaniuliza kama nimekula.