Mgonjwa haulizwi uji: itifaki ya kuagana na rafiki

Leo sina habari ya simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nataka tuzungumze juu ya rafiki anayeugua kwa muda mrefu na jinsi tunavyomkumbuka. Maoni yangu ni haya: sisi Wakenya ni hodari wa kumsifu mtu akishakufa, lakini sifa hizo ni zake, na alipaswa kuzisikia mwenyewe.

Wengi katika fani yetu wanamjua Pieter Hintjens, Mbelgiji ambaye kampuni yake iliunda ZeroMQ, chombo huria kinachoziwezesha programu kutumiana ujumbe. Alizaliwa Kongo mwaka 1962 na kukulia Afrika Mashariki. Mwaka 2016 saratani ya mrija wa nyongo, ambayo alikuwa ametibiwa miaka kadhaa nyuma, ilimrudia na kuingia kwenye mapafu. Mwezi wa Aprili aliandika makala aliyoipa jina "A Protocol for Dying", yaani itifaki ya kufa. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, kwa kusaidiwa na madaktari, jambo ambalo sheria ya Ubelgiji inaliruhusu tangu 2002. Hilo lina mjadala wake na leo siugusi.

Kwa asiye wa fani hii, itifaki ni makubaliano ya jinsi pande mbili zinavyozungumza: nani aanze, aseme nini, na mwenzake ajibu vipi. Bila itifaki, tarakilishi mbili zilizounganishwa kwa waya zitabaki kutazamana tu. Hintjens aliona kwamba mtu anayekufa na rafiki yake wako katika hali hiyo hiyo. Wanapendana, lakini hawajui waseme nini. Ushauri wake, kwa ufupi: usimwambie apigane na awe na matumaini. Usimlilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Mletee hadithi za mambo mliyoyafanya pamoja, msaidie kwa kazi ndogo ndogo, mwonyeshe kwamba kazi yake imekufaa.

Niliirudia makala hiyo wakati rafiki yangu wa chuo, tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta, figo zake ziliposhindwa kazi. Mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, alilala akisafishwa damu kwa mashine. Watu wengi walimwambia maneno yale yale: "Pole sana, ukihitaji chochote niambie." Ni maneno ya upendo, lakini yaangalie vizuri. Yanampa mgonjwa kazi. Sasa ni juu yake kufikiria anahitaji nini, kupima kama ni kikubwa mno, kisha kuomba. Wahenga walishasema, mgonjwa haulizwi uji. Unaupika, unampelekea.

Waliomfaa ni wale ambao hawakuuliza. Jirani mmoja mwenye gari alijitwika safari zote za Jumanne. Mwenzetu mwingine alimnunulia bando kila wiki ili asikose mtandao akiwa kitandani. Mimi nilikuwa nampelekea msimbo. Nilimfungulia kipakatalishi na kumwonyesha kasoro iliyonisumbua kazini, naye, mkono mmoja ukiwa kwenye mipira ya mashine, alitumia wa pili kunionyesha mstari wenye tatizo. Alikuwa anafurahi sana akiupata kabla yangu. Kwa dakika hizo hakuwa mgonjwa, alikuwa fundi kama tulivyomjua.

Aliishi hivyo miaka miwili na nusu, kisha akafariki. Kundi letu la WhatsApp, ambalo michango ya matibabu ilikuwa inasuasua humo, lilikusanya katika wiki moja ya matanga pesa kuliko zilizopatikana mwaka mzima wa ugonjwa. Watu waliandika mambo mazuri ajabu juu yake: nani alifundishwa naye usiku kucha kabla ya mtihani, nani alipata kazi ya kwanza kwa sababu yake. Mengi sikuwa nayajua. Nina hakika mengine hata yeye alikuwa ameyasahau, na angefurahi mno kukumbushwa.

Sisemi msiba usichangiwe. Maziko yana heshima yake, na familia huachwa na mzigo mkubwa. Najua pia kuna wanaoona kwamba kumsifu mgonjwa ni uchuro, kana kwamba unamzika akiwa hai. Lakini kumwambia mtu "unakumbuka siku ile?" hakuhitaji kutaja kifo hata mara moja. Ni mazungumzo ya marafiki tu. Akipona, hakuna kilichoharibika. Asipopona, ameondoka akijua alikuwa nani kwetu.

Basi, ndugu msomaji, kama una rafiki anayeugua, usingoje akuombe. Chagua kitu kimoja unachokiweza, kiwe cha siku maalumu, na ukifanye bila kukosa: safari ya kliniki, gunia la makaa, saa moja ya kukaa na watoto wake. Halafu chukua simu umwandikie ile hadithi ambayo ungeisimulia matangani. Mwandikie leo, wakati bado anaweza kukujibu kwamba umeitia chumvi.