Mwandishi Alikuwa Upande wa Nani?

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili ana maswali yake, na ukimsikiliza utagundua kwamba hayatofautiani sana kutoka Lushoto hadi Songea. Mwandishi wa kitabu hiki ni nani? Dhamira zake ni zipi? Falsafa yake ni ipi, na inatofautianaje na msimamo wake? Mbona Kilio Chetu haina jina la mtu, imeandikwa Medical Aid Foundation tu? Riwaya ya kwanza ya Kiswahili ni ipi? Kisha lile linaloulizwa kwa sauti ya chini kipindi kinapokaribia kwisha: hili linatoka kwenye pepa?

Watu wazima huyacheka maswali haya, hasa walimu waliochoka. Mimi naona yanastahili heshima zaidi ya hiyo. Chukua hilo la Kilio Chetu. Mtoto anayeuliza kwa nini tamthiliya haina jina la mtu ameshika jambo kubwa bila kujua. Kazi hiyo ilitungwa ili kuwaelimisha vijana kuhusu UKIMWI. Orodha ya Steve Reynolds, inayosimulia maisha ya Furaha, inahusu maradhi hayo hayo. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne walipewa tamthiliya tatu: hizo mbili, pamoja na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya marehemu Edwin Semzaba, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaani mbili kati ya tatu zilikuwa na kazi ya kampeni ya afya. Nani aliamua hivyo, na kwa nini wakati ule? Je, tamthiliya iliyoandikwa ili kuonya isomwe sawasawa na ile ya Semzaba, ambamo karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anazama katika mapenzi na Mazoea, na makaratasi ya serikali yanaishia motoni?

Hayo ni mazungumzo ya vipindi viwili vizima, tena vya kusisimua. Jibu tunalompa mtoto ni fupi: andika Medical Aid Foundation, usisahau herufi kubwa.

Tatizo linaanzia kwenye umbo la swali la mtihani. Anayeijua karatasi ya Kiswahili analijua pia sharti lake: kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, thibitisha kauli fulani, toa hoja tatu kutoka kila kitabu. Hoja tatu na tatu, utangulizi juu, hitimisho chini. Mara nyingi mwanafunzi haombwi kuipinga kauli yenyewe. Ameshaambiwa aithibitishe, kwa hiyo anatafuta mahali pa kupachika vitu alivyokwisha kuvikariri. Mwandishi anageuka ghala la hoja. Aliishi wapi, alikula kwa nani, alimwogopa nani, alimpendelea nani, hayo hayana alama.

Nimeliona daftari moja la kidato cha tatu mjini Lushoto, la msichana mwenye mwandiko wa kuonewa wivu. Kurasa mbili za katikati zilipigwa mistari kwa rula zikawa jedwali: jina la kitabu, mwandishi, mhusika mkuu, dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, mafanikio ya kifani. Kwenye safu ya falsafa, mbele ya Watoto wa Mama N'tilie, aliandika kwamba umaskini ndio chanzo cha maovu. Mstari wa chini yake, mbele ya Joka la Mdimu, maneno yalikuwa yale yale, ila kalamu ilikuwa nyingine. Emmanuel Mbogo na Abdallah Safari, watu wawili wenye kalamu zisizofanana hata kidogo, wamepata falsafa moja ya kugawana. Msichana huyo si mvivu. Anajua soko linataka nini.

Na milima ya Usambara haina desturi ya kudharau shule. Wamisionari wa Kijerumani wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891, na tangu hapo elimu ya darasani imekuwa sehemu ya maisha ya huku. Leo shule za Mazinde Juu na Kifungilo zinatajwa nchi nzima. Mzazi wa Bumbuli anayeuza peasi na kabichi ili alipe ada hana muda wa nadharia. Anataka cheti chenye alama. Hoja yoyote kuhusu fasihi inayompuuza mzazi huyo haifai kusikilizwa, nami simpuuzi. Ninachosema ni kwamba tunamuuzia bidhaa pungufu.

Hata Shaaban Robert, ambaye Mkoa wa Tanga unajivunia kumzaa, hapati bahati zaidi. Mwanafunzi anajua kwamba alizaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki 1962. Anaweza hata kukutajia vitabu vyake kumi bila kupumua. Mwulize, sasa, mtu aliyefanya kazi ya ukarani katika forodha ya serikali ya kikoloni, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali hiyo, aliwezaje kuandika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 kikimsimamisha Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu sheria? Kwa nini nchi yake aliiweka angani? Ukimya utakaoupata utakuambia jinsi tunavyofundisha.

Nadhani dawa mojawapo ilikwishaandikwa, tena iliandikwa kuhusu milima hii hii.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, matbaa ya misheni ya Magila, huko Muheza chini ya milima, ilitoa kwa sehemu kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy kiitwacho Habari za Wakilindi. Toleo linalojulikana zaidi ni la mwaka 1962, lililohaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa na East African Literature Bureau. Ni nathari ndefu ya Kiswahili, iliyochapwa kabla ya Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela ya mwaka 1934, ambayo wengi huitaja kuwa riwaya ya kwanza. Kinaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka milima ya Ngulu, aliyeota meno ya juu kwanza akahesabiwa kigego, akakataliwa na ndugu zake, akaingia Usambara na mbwa wake. Huku akawagawia watu nyama, akamuua simba, wakamfanya mtawala. Uzao wake ndio Wakilindi, waliotawala kutoka Vuga, karibu na Soni ya leo, mpaka kwa Kimweri ye Nyumbai, yule ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852.

Sasa tulete maswali ya mwanafunzi tuyaweke juu ya kitabu hiki. Mwandishi ni nani? Hapa swali linaanza kuuma. Abdallah hakuwa Mkilindi wala Msambaa. Alikuwa mtu wa pwani aliyepanda bara, akamtumikia Semboja, mwana wa Kimweri. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ufalme uligawanyika. Semboja alikaa Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara, akawa na bunduki na biashara ya pembe na watumwa. Alipigana na Shekulwavu, mrithi aliyekalia kiti cha Vuga, na mwishowe akamweka mwanawe mwenyewe hapo. Vita hivyo viliwafanya watu wengi wa milima hii kukamatwa na kuuzwa Pangani. Kwa hiyo anayetusimulia habari za ufalme alikula kwenye nyumba ya upande mmoja wa ugomvi.

Hapo ndipo neno msimamo, lile la kwenye jedwali, linapopata damu. Abdallah anamwelezaje Semboja? Anawanyamazia akina nani? Habari za Mbegha alizipata kwa nani, kwa watawala au kwa watawaliwa? Je, mtu aliyeuziwa ndugu yake angeianza hadithi kwa Mbegha? Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani, aliyauliza maswali ya namna hiyo. Alikaa Usambara miaka ya 1960 akisikiliza wazee, akalinganisha masimulizi yao na kitabu cha Abdallah, na mwaka 1974 akatoa kitabu kikubwa kuhusu ufalme huo. Sioni katika maswali yale kitu ambacho mtoto wa kidato cha tatu hawezi kukiuliza. Tena yeye ana faida moja ambayo Feierman aliihangaikia miaka: bibi yake anaongea Kisambaa na yuko nyumbani. Msichana wa Mazinde Juu akisimama ukingoni anaiona nyika ambako Semboja alijenga.

Wako watakaosema napiga chapuo la ukabila. Nchi hii ilijengwa kwa kuwaunganisha watu kwa Kiswahili, na vitabu vya mitihani viliteuliwa ili mtoto wa Mtae na wa Nachingwea wasome kitu kimoja. Kila wilaya ikidai mashujaa wake darasani, tutafika wapi? Pingamizi hili ni la kweli, na kwa kitabu hiki lina uzito zaidi, maana Wakilindi walikuwa watawala. Kukifundisha kama kitabu cha fahari ya Wasambaa kungekuwa kosa. Kungewadhulumu Wasambaa wenyewe waliotawaliwa, na Wabondei walioasi. Lakini pingamizi linagonga ufundishaji wa kusifu tu. Kitabu kinachosomwa kwa kuuliza mwandishi alikuwa upande wa nani hakimjengi mtu kiburi cha ukoo. Na mtoto wa Nachingwea akisoma kurasa zake chache hatapungukiwa na utaifa, kama vile wa Lushoto hakupungukiwa kwa kumsoma Sekai wa riwaya ya Takadini na majina yake ya Kishona.

Wengine watasema Kiswahili chake ni cha zamani, kitawashinda watoto. Hili halinisumbui. Wanafunzi haohao tunawapa mashairi yenye msamiati wa kuwatoa jasho, na wanayamudu wakiwa na mwalimu.

Pingamizi linaloninyima raha ni la kawaida kabisa: vitabu havipo. Katika shule nyingi za kata nakala moja ya riwaya inazunguka darasa zima mpaka kurasa za mwanzo zinang'oka, na ndiyo maana jedwali la fotokopi lina wateja. Kuongeza kitabu kimoja kwenye orodha ni kuongeza jedwali moja. Wiki mbili tu na duka la steshenari litakuwa na dhamira za Habari za Wakilindi, hoja tatu, zimebanwa pini. Kwa hiyo sitaki kiongezwe kwenye orodha. Ningekuwa na uwezo wa kukiingiza, nisingekiingiza.

Kuna njia nyepesi. Karatasi ya Kiswahili ina mazoea ya kifungu cha ufahamu, ambacho mwanafunzi hukikuta palepale kwenye mtihani. Kwa kawaida ni kifungu kisicho na mwenyewe, kuhusu mazingira au maadili, na maswali yake ni kutafuta kichwa cha habari na maana ya maneno. Baraza la Mitihani linaweza kuchukua kurasa mbili za mwandishi halisi, Abdallah mwaka huu, Mbotela mwakani, Martin Kayamba mwaka mwingine, likaweka juu mistari mitatu ya kumweleza mtu huyo, kisha likauliza: mwandishi anampendelea nani, na umejuaje? Swali hilo halina dhamira ya kukariri, wala hakuna shule itakayonunua kitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo inaweza kuweka vifungu vya namna hiyo katika kitabu cha kiada, ambacho kinafika hata pasipofika riwaya.

Wakati wa kulisema ni huu. Mtaala wa sekondari umekuwa ukijiita wa kujenga umahiri tangu 2005, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mtaala ulioboreshwa ambao ulianza kutumika 2024. Maneno ya sera ni mazuri. Lakini walimu wa nchi hii hawafundishi sera. Wanafundisha karatasi ya mwaka jana. Swali likibadilika Dar es Salaam, somo litabadilika Mlalo kabla ya muhula kwisha, bila semina wala posho.

Hadi Baraza liamue, mwalimu wa Kiswahili wa Soni, Lushoto au Mtae anaweza kutenga kipindi kimoja. Waulize wanafunzi wanamjua Mbegha kwa hadithi ipi waliyosikia nyumbani, uandike ubaoni tofauti za masimulizi yao, na kwa kila simulizi waulize aliyelisema ni nani na ana ukoo gani. Kisha wafungue Ngoswe, au kitabu chochote kilichopo darasani, waulize swali hilohilo.