GAZETI SI HAKIMU

Wananchi, mkoloni alitutawala kwa bunduki, akatutawala na kwa karatasi. Mfano mmoja watosha.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, watu 11 waliowekwa kizuizini walipigwa na askari wa gereza hata wakafa, kwa kuwa walikataa kazi ya kulazimishwa. Serikali ikatangaza kwamba vifo vilitokea baada ya watu kunywa maji ya gari la maji. Magazeti yakalichapa tangazo. Maji! Kumbe maiti zilipopimwa zilikutwa na majeraha ya kipigo.

Uwongo huo ulipataje njia? Ni kwa sababu tangu Oktoba 1952, ilipotangazwa hali ya hatari, magazeti ya walowezi yalikuwa yamekwisha kuhukumu. Walowezi 32 waliuawa katika vita vile. Vifo vyao vilipewa picha na kurasa za mbele. Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa. Hao walikuwa hesabu tu. Aliyekwisha kuitwa mnyama, nani atauliza amekufaje?

Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba Waafrika waliteswa katika Kenya ya siku zile, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wazee 5,228. Tangu Hola, miaka 54!

Mkoloni amekwenda, lakini desturi yake tumeirithi. Mtu akikamatwa jioni, asubuhi picha yake iko gazetini na pingu mikononi, na jina amepewa: jambazi. Hakimu akimwachilia, hapati hata mistari miwili. Mwanawe shuleni ataitwa mtoto wa mwizi mpaka lini? Na vijana waliokwisha kusoma "jambazi" hawangoji mahakama, wanaokota mawe.

Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Basi wahariri waitii. Wamwite mtuhumiwa, na akiachiliwa waandike habari hiyo katika ukurasa ule ule walioandika kukamatwa kwake.

Na gazeti hili la chama lianze. Hata akikamatwa mpinzani wetu mkubwa, tumwandike kama tulivyotaka wazee wetu waandikwe.

Uhuru na Umoja!