MSHIKA MBILI: UPANGA MKONO MMOJA, UCHAWI MKONO WA PILI

Nimekuwa kimya wiki tatu na wengine mmeuliza kama nimehama mji. Sijahama. Gazeti lilinipeleka mikoani, nikarudi na homa na madeni, sasa nipo. Leo siandiki siasa wala bei ya unga. Leo nataka kumzungumzia mchawi wangu mwenye upanga, na jinsi alivyosababisha rafiki yangu asinisemeshe kwa nusu mwezi.

Naam, mmesoma sawasawa.

Kwa wasiojua: upo mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Hauhitaji kompyuta. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye anayeeleza pango, mlango na zimwi lililo nyuma ya mlango. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu ya pande 20, na dadu haina undugu.

Sisi tunacheza Jumamosi jioni, Sinza, chumbani kwa msimulizi wetu. Lipo toleo la 2024, lakini sisi bado tunatumia kitabu cha 2014 kwa sababu ndicho tulichonacho. Dadu ni seti moja, tunaazimana. Siku za mwanzo mama mwenye nyumba alisikia dirishani mtu akisema "mchawi wangu amebakiza uhai sita", akaja kugonga na kuuliza, kwa heshima kabisa, kama wanangu kuna tatizo. Tangu siku hiyo mezani hatusemi mchawi. Tunasema mtaalamu.

Sasa hoja yangu. Karibu kila kijana anayeingia kwenye mchezo huu, hasa sisi tuliosomasoma, anataka kutengeneza mtu yule yule: mtaalamu anayepiga upanga. Mkono mmoja chuma, mkono mwingine moto. Nami nilimtaka. Nadhani wengi tunamtengeneza kwa sababu mbovu, na ndiyo maana anakufa. Au mbaya zaidi, anaua wenzake.

Tamaa hii si ya leo. Katika vitabu vile vya 1974 tayari elfu, yule mtu wa msituni mwenye masikio marefu, aliruhusiwa kuwa mpiganaji au mtaalamu. Lakini soma masharti: alichagua kabla ya safari, na katikati ya safari hakuruhusiwa kubadili. Kitabu cha 1978 kikaruhusu wasio binadamu kuwa na fani mbili kwa pamoja, ila kila walichojifunza kikagawanywa mafungu, kwa hiyo walipanda ngazi polepole kuliko wenzao. Mwaka 1981, katika kitabu cha viumbe kiitwacho Fiend Folio kilichoandaliwa Uingereza, wakatokea githyanki, watu wa kubuniwa na Charles Stross aliyewabuni akiwa kijana mdogo. Miongoni mwao walikuwapo wapiganaji wataalamu walioitwa gish. Jina likawabandika wahusika wote wa aina hiyo mpaka leo. Toleo la 2000 nalo likaweka adhabu ya deraya: mtaalamu akivaa deraya kamili ya chuma, uganga wake una asilimia 35 za kuharibika mdomoni.

Mnaona mtindo? Kwa miaka yote hiyo watunga sheria wamekuwa wakisema: chukua vyote viwili, lakini utalipa. Sisi wachezaji tumekuwa tukitafuta namna ya kutolipa.

Mimi nilijiona mjanja kuliko sheria. Nilianza na mtaalamu, nikampandisha ngazi tatu, halafu nikamwongezea ngazi mbili za upiganaji ili apate deraya nyepesi kiasi, ngao na upanga. Jumla ngazi ya tano. Kwenye karatasi alipendeza kama bango la sinema. Nikamwita Shomari.

Wanaocheza watakuwa wameshaanza kutikisa kichwa. Kwa wengine nieleze. Katika sheria za 2014 ngazi ya tano ndipo watu wanapokuwa wakubwa. Mpiganaji wa ngazi tano anapiga mara mbili kwa zamu badala ya mara moja. Mtaalamu wa ngazi tano anapata mpira wa moto: dadu nane za pande sita, wastani wa 28, kwa kila aliyemo kwenye duara. Hata anayekwepa anaungua nusu. Shomari wa ngazi tatu na mbili hakuwa na hiki wala kile. Alipiga upanga mara moja kama kuruta na alikuwa na uganga wa mwanafunzi. Nilikuwa nimefika njia panda na kusimama katikati ya barabara.

Basi tukafika darajani. Mazimwi matatu. Wenzetu wawili walikuwa wameshavuka, tumebaki mimi na rafiki yangu ambaye nitamwita Mwalimu, maana ndiyo kazi yake. Mhusika wake alikuwa kuhani mponyaji, amemlea kwa miezi minane, ana daftari zima la historia yake.

Nikajifunika uganga wa kufanya mwili uonekane kama ukungu, adui akukose. Uganga ule unadumu ukiutunza kwa umakini, na ukipigwa unarusha dadu kuona kama umakini umebaki: ufikishe 10, au nusu ya pigo kama nusu hiyo ni kubwa zaidi. Zimwi likanipiga 13. Nikarusha, ikaja 7. Nilikuwa na nyongeza ya 1 tu. Laiti ningeanza na mpiganaji kisha nikaongeza utaalamu, ningekuwa na mafunzo ya ustahimilivu na 7 ile ingekuwa 11. Mafunzo hayo hutolewa na fani uliyoanza nayo tu. Ukungu ukaisha.

Rungu la pili likaja. Nikasema kwa sauti ya kishujaa: naweka kago! Lile kago la papo hapo linaloongeza ulinzi kwa 5. Msimulizi akaniangalia, akauliza taratibu:

"Kwa mkono upi?"

Mkono wa kulia upanga. Mkono wa kushoto ngao. Kago lile linataka ishara ya mkono ulio wazi, na mimi sikuwa na mkono. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika mbili, zote hazikuniponyoka, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mwalimu hakusubiri. Akamleta kuhani wake akasimama kati yangu na zimwi. Marungu mawili, akaanguka. Mtu aliyeanguka hurusha dadu kwa kila zamu. Chini ya 10 mara tatu, amekwenda. Zikaja 4, 9, 6. Mimi nilikuwa nimezibwa na zimwi, wenzetu wako ng'ambo. Na katika kundi letu, mwenye uganga wa kufufua alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyelala pale.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakuja. Ya pili hakuja. Nikampigia simu, nikaanza kumweleza habari za sheria, bahati mbaya ya dadu, hiki na kile. Akanikatiza. Alisema:

"Kaka, mimi sijakasirika kwa sababu alikufa. Nimekasirika kwa sababu ulitengeneza mtu asiyemhitaji mtu. Hukumuuliza yeyote mezani tunakosa nini. Halafu ulipozidiwa, tukawa tunakuhitaji sisi tukuokoe."

Sikuwa na jibu. Nililala na maneno yale.

Maana ni kweli. Nilipokuwa namchora Shomari sikuwa nawaza hadithi wala wenzangu. Nilikuwa nawaza mtu anayejitosheleza: adui akiwa karibu ninamkata, akiwa mbali ninamchoma, na sitamwomba mtu msaada. Hiyo ndiyo ndoto iliyojificha ndani ya mhusika huyu. Na mimi naijua inakotoka. Kazini kwangu siku hizi mwandishi anatakiwa aandike, apige picha, achukue video na arekodi sauti. Mwaka jana nilikwenda kwenye moto sokoni na vifaa vyote hivyo shingoni. Wakati narekebisha kamera, mama mmoja alisema maneno mazito kuhusu nani aliyefunga geti la nyuma. Picha yangu ilitoka giza. Maneno yale sikuyaandika. Zamani tungekwenda wawili, mimi na mpiga picha, na mmoja wetu angemsikia.

Msinielewe vibaya. Sisemi watu waache kutengeneza mtaalamu mwenye upanga. Nampenda bado. Nasema atengenezwe kwa kuanzia pale anapopungukiwa.

Wazee wa pwani walilijua hili. Fumo Liyongo hakuingiwa na silaha, ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Elric wa Michael Moorcock, aliyeanza kuandikwa mwaka 1961, ni mfalme mchawi mwenye upanga wa kutisha; mwili wake ni dhaifu, upanga ndio unaompa nguvu, na upanga huo unakula roho hata za anaowapenda. Toa kitovu cha Liyongo, toa udhaifu wa Elric, unabaki na nini? Mtu mwenye misuli.

Kwa hiyo nilikaa upya, safari hii na wenzangu mezani, na swali la kwanza likawa: mimi sitakuwa nani? Tulikuwa tumekosa mtu wa kusimama mbele. Basi nikachagua awe mpiganaji kwanza, wa ile njia ya wapiganaji wanaojifunza uganga kidogo kuanzia ngazi ya tatu. Alama zangu ni zile za kawaida: 15 nguvu, 14 ustahimilivu, 13 akili, 12 wepesi, 10 busara, 8 mvuto, na kwa kuwa ni binadamu wa kawaida kila moja ikaongezeka 1. Ngao nimeiacha. Nashika upanga mkubwa wa mikono miwili, kwa sababu mikono miwili inahitajika wakati wa kupiga tu. Katikati ya mapigo naweza kuachia mmoja na kufanya ishara. Mkono upo!

Uganga wangu nimeuchagua usiotegemea akili nyingi. Kago lile la ulinzi halijali kama una akili 14 au 20. Ngazi ya tatu nilikuwa na nafasi mbili tu za uganga kwa siku, ya nne zikawa tatu. Unajifunza kubana kama mshahara wa tarehe 20. Mpira wa moto? Mtaalamu kamili anaupata ngazi ya tano. Mimi nitaupata ngazi ya 13, tukifika. Hicho ndicho kitovu changu na nimekikubali. Kundi likihitaji moto, nitamtazama mtaalamu wetu na kusema: kaka, tafadhali.

Anayetaka kinyume chake, awe mtaalamu kwanza na upanga uwe nyongeza, ipo njia ya waimba upanga iliyotoka kwenye kitabu cha 2015. Wepesi mwingi, ila deraya nzito na ngao ni mwiko, na uhai wako ni wa mtaalamu, yaani mdogo. Ni nzuri pia. Chagua moja, ulipe bei yake.

Najua atatokea mdau aseme: ndugu, ni mchezo tu, kila mtu acheze anachotaka. Sawa. Lakini mchezo wa mezani si wa mtu mmoja. Saa nne za Jumamosi za watu watano zimewekwa pale, na miezi minane ya daftari la mtu. Ukitengeneza mhusika asiyehitaji wenzake, umewaambia wenzako wamekuja kukutazama.

Mwalimu alirudi Jumamosi ya tatu. Amekuja na mwizi, mfupi, mkali, hana hata chembe ya uganga. Hakusema lolote kuhusu daraja. Ila kila zamu yangu ikifika, kabla sijafungua mdomo, anainua kichwa kutoka kwenye karatasi yake na kuuliza: "Mkono wako upo wazi?"

Ninamwonyesha. Tunaendelea.

Haya wadau, nawasilisha. Wachezaji waliopo humu, kitovu cha mhusika wako kiko wapi? Na ambao hamchezi, hamjambo huko makazini, mmeshika vingapi?

Wikiendi njema.