Deki isiyosoma diski zetu inatunyima sauti za wazee

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Usemi huo nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi, lakini sikuonja uchungu wake hadi Desemba iliyopita, jamaa zetu walipokusanyika nyumbani Sagalla, katika mlima ule unaoutazama mji wa Voi kutoka kusini.

Nilikuwa nimebeba diski tano za video. Nilizirekodi mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi, babu yangu alipokubali kuketi mbele ya kamera na kunieleza kwa Kisaghala majina ya miti, uchongaji wa mizinga ya nyuki, na mafumbo ambayo vijana wa siku hizi hawayajui. Babu alifariki miaka mitatu baadaye. Asubuhi ya siku hiyo ya Desemba nilipitia Voi nikanunua deki ya mtumba ili nyanya yangu na wajukuu wake wamwone tena mzee wao. Diski mbili zilicheza vyema. Ya tatu ilizunguka, ikanguruma, ikatemwa. Ya nne na ya tano hali kadhalika. Nyanya, aliyekuwa ameketi mbele ya kioo cheusi cha televisheni, akaniuliza, "Mbona hasemi?" Sikuwa na jibu.

Ningependa kumlaumu mwenye duka, lakini haki ni haki. Kosa lilikuwa langu. Niliichagua deki ile kwa wembamba wake na kwa rimoti yake nzuri. Mwenye duka aliponihakikishia, "Mwalimu, hii inacheza kila kitu," nilimwamini, ilhali diski zenyewe zilikuwa mkobani mwangu na stima ilikuwapo dukani. Mwenye macho haambiwi tazama, nami niliambiwa nisitazame nikakubali.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza kwa nini mwanaisimu ashughulike na deki. Joseph Alfred Wray, mmisionari wa CMS, alifika Sagalla mwaka 1883, na mwaka 1894 kitabu chake kuhusu lugha ya hapa kikachapishwa London. Kitabu hicho kina upungufu wake, lakini hata leo mtu akikifungua atakisoma kwa macho yake tu, bila waya wala betri. Diski zangu zina umri mdogo sana kuliko kitabu hicho, nazo tayari zimekuwa bubu. Na kilichomo ndani yake hakimo kitabuni: kiimbo cha msemaji, kusita kwake kabla ya kutaja jina zito, na mkono unaoonyesha jinsi mzinga unavyoshikwa.

Ni vyema basi tuelewe kwa nini deki huicheza sinema ya dukani na kuikataa harusi ya dada yako. Diski ya kiwandani hupigwa chapa: vishimo vidogo mno hukandamizwa katika plastiki, kisha hufunikwa kwa utando wa metali unaong'aa. Diski tunayoichoma nyumbani haina vishimo vya namna hiyo. Ina tabaka la rangi ya kikemia, na miali ya leza huibadilisha rangi hiyo mahali pamoja na pengine. Diski hiyo aghalabu huakisi mwanga kwa udhaifu zaidi, na ile ya kufutika na kurekodiwa upya huakisi kwa udhaifu zaidi tena. Deki yenye jicho dhaifu, au lililojaa vumbi, huikosa kabisa.

Niliporudi mjini na kumwona fundi mmoja stadi, tuligundua kwamba kila moja ya diski zangu tatu ilikuwa na ugonjwa wake. Ya kwanza haikufungwa. Mashine ya kurekodia ikimaliza kazi sharti iamriwe kuandika orodha ya mwisho inayoziambia mashine nyingine mambo yanaanzia wapi. Mimi sikutoa amri hiyo. Ya pili haikuwa DVD ya video hata kidogo, bali diski ya kawaida ya kompyuta iliyotiwa faili za video ambazo deki ile haikuzifahamu. Ya tatu ilirekodiwa kwa kamera iliyoletwa kutoka Marekani, kwa mfumo wa NTSC, ilhali Kenya tulifuata PAL. Kumbe babu alikuwa bado yumo ndani. Mlango tu ndio uliofungwa.

Kutokana na masaibu hayo, nina mashauri machache kwa mwalimu au mwanafunzi anayetafuta deki. Kwanza, nenda dukani na diski zako, tena zile kongwe na zenye mikwaruzo, wala si ile mpya inayong'aa. Ichezeshe mwanzo, katikati na mwisho, kwa kuwa deki dhaifu huweza kuanza vizuri na kukwama mbele. Pili, soma maandishi ya kwenye deki yenyewe au kijitabu chake: yataje DVD-R na DVD+R, maana hizo ni aina mbili tofauti, na VCD ikiwa una diski za zamani zaidi. Tatu, hakikisha inapokea PAL na NTSC. Nne, tazama nyuma. Televisheni nyingi mpya, hasa baada ya nchi yetu kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, hazina tena zile tundu za manjano, nyekundu na nyeupe, kwa hiyo huenda ukahitaji deki yenye tundu la HDMI. Tano, usilipe zaidi kwa kuambiwa kwamba deki ni ya "maeneo yote ya dunia." Kufuli hiyo ya maeneo huwekwa katika sinema za kampuni. Diski uliyoichoma mwenyewe haina kufuli hiyo.

Wapo watakaosema kwamba makala haya yamechelewa, kwamba zama za deki zimepita na kila kitu sasa kimo kwenye flashi na simu. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba deki mpya zimeadimika madukani, na kwamba aliye na kompyuta yenye kisomeo cha diski anaweza kufanya kazi hii, pengine kwa ufanisi zaidi. Lakini hoja yao inasahau jambo moja: sauti haihami yenyewe kutoka katika diski kwenda katika flashi. Lazima kwanza pawe na mashine inayoweza kuisoma, na kila mwaka mashine hizo zinapungua huku rangi ya diski ikififia kwa joto na jua. Kuitupa deki kabla ya kunakili diski ni sawa na kuvunja ngazi ilhali mtoto bado yuko dari.

Fauka ya hayo, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umezipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya chini. Walimu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta hulalamika, na kwa haki, kwamba vifaa vya Kidawida, Kisaghala na Kitaveta ni haba. Lakini ni nyumba ngapi katika kaunti yetu zenye diski za harusi, matanga na harambee ambamo wazee wanahutubia kwa lugha safi? Hivyo ni vifaa. Vinalala kabatini, vikisubiri mtu mwenye deki nzuri na subira.

Rai yangu ni kwamba kila shule iliyobakiwa na deki isiiuze kama chuma kikuukuu. Iijaribu, iisafishe, na iwatume wanafunzi nyumbani wakaulize kuhusu diski za familia zao. Kwa idhini ya wenyewe, kila diski inayosomeka inakiliwe angalau mara mbili, na nakala hizo zihifadhiwe mahali pawili, pamoja na karatasi inayotaja msemaji, mahali na mwaka. Karatasi hiyo isidharauliwe. Wray ametuonyesha kwamba karatasi hudumu.

Ama mimi, fundi alifaulu kuziokoa diski mbili kati ya zile tatu. Ile isiyofungwa ingali bubu, nami ningali natafuta mashine ya aina iliyoirekodi. Mwezi uliopita nilipanda tena Sagalla. Babu alipoanza kutaja majina ya miti, nyanya alimsikiliza kwa muda, kisha akamkosoa jina moja. Nililiandika papo hapo.