Waacheni Wana wa Vitongoji Wafinyange

BARAZANI, na Mbarouk Faki Shaame

Kusini kidogo ya Vitongoji, hapa hapa wilaya ya Chake Chake, Pemba, yapo magofu ya Pujini, ngome ambayo wazee wetu wanaitaja kwa jina la mtawala wake, Mkama Ndume. Ndani yake, chini ya ardhi, kuna chumba kidogo kinachoshukiwa kwa ngazi. Wataalamu wa akiolojia waliofukua pale walikuta ukutani umbo la siwa lililotokezwa kwa mkono kwenye lipu. Siwa, baragumu la mamlaka, ya ukoo mmoja na ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Fundi aliyeitoa aliishi kiasi cha miaka 500 iliyopita, katika kisiwa kilichokwisha kusilimu kitambo, na kazi ya kuchonga aliijua.

Naitaja siwa hiyo kwa sababu kila uchongaji unapotajwa katika skuli za huku kwetu, mazungumzo hukatika mapema: sanamu ni haramu, tusome mengine. Mzazi anayesema hivyo anailinda dini yake na sina ugomvi naye. Mwalimu naye hataki kutiana maneno na wazazi. Basi sanaa inasomeshwa kwa chaki. Aina za uchongaji, vifaa vya uchongaji, faida za uchongaji. Andikeni, fungeni madaftari. Mtoto anaweza kukueleza patasi ni nini na hajaishika hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Suala la dini lina jibu, na jibu lenyewe ni la zamani. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha. Alimuonya, kisha akamuelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Mafundi wa pwani yetu walikwenda njia hiyo, na angalieni walichotuachia. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi kule Unguja kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye kutaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ras Mkumbuu yapo makaburi ya nguzo. Mafundi hao walikuwa wakilitoa tumbawe baharini likiwa bichi, wakalichonga lingali laini, likikauka linakuwa jiwe. Hiyo ni elimu nzito ya uchongaji, na ndani yake hamna kiumbe hata mmoja. (Leo tumbawe hai haligusiki, na liachwe lilipo.)

Kwa hiyo ninalolitaka kwa skuli za Vitongoji ni hili: kazi za uchongaji zianze na kile ambacho mikono ya kisiwa hiki imekuwa ikikifanya siku zote. Zisianze na kichwa cha mtu.

Darasa lianze na chetezo. Udongo wa mfinyanzi haununuliwi. Unachimbwa bondeni, unatolewa vijiwe na mizizi, unatwangwa, unachanganywa na mchanga kidogo na kukandwa mpaka usishike vidoleni. Mtoto anaviringisha vipande virefu kama kamba, anavipandisha kimoja juu ya chengine, anaviunga kwa kidole gumba, halafu anakwangua kwa kombe la chaza mpaka ukuta wa chombo uwe na unene mmoja. Hapo anajifunza kwamba mguu wa chetezo lazima ubebe bakuli lake, na kwamba matundu ya hewa yana pahala pake, yakizidi chombo kinakosa nguvu. Kisha inakuja subira: kikaushwe kivulini, polepole, kwa sababu maji yakibaki ndani moto utakipasua. Kinachomwa uwanjani kwa makuti na makumbi. Kitakachopasuka nacho kina somo lake. Kiwekwe mezani, darasa zima litafute wapi palikuwa pazito.

Baada ya hapo waingie kwenye lipu, kazi ya Pujini yenyewe. Kibao chenye kingo pande nne, chokaa, mchanga mwembamba, maji. Unamimina, unasubiri mpaka kidole kiache alama bila kuzama, ndipo unakata kwa ncha ya kisu. Unaanza na mstari, kisha unaondoa cha pembeni na umbo linabaki juu. Ukiwahi kingo zinaporomoka, ukichelewa lipu inavunjika vipande. Karafuu, jani la mnazi, tanga, nanga, siwa: ya kuchonga hayatakwisha.

Wa kidato cha tatu na cha nne waende pwani, waokote taka na kuziundia maumbo. Ndara na chupa zinazoletwa na maji ni nyingi kuliko tunavyoweza kuzifukia. Lamu walijenga dau zima la plastiki iliyookotwa, likavishwa ndara za rangi, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, kiasi cha kilomita 500. Watoto wetu wanaoyafanya makarara ya minazi kuwa vidau wameshaanza kazi kama hiyo bila ya mwalimu.

Najua watakaosema kwamba hivyo tunawanyima watoto uchongaji wa Wamakonde. Hapana. Wasomeshwe, waonyeshwe picha za vinyago vya ujamaa, wamjue msanii wao George Lilanga na namna kazi zake zilivyovuka bahari. Kuijua kazi ya jirani ni elimu. Kumlazimisha mtoto aitengeneze ndiko kunakomfanya mzazi amtoe darasani, na mtoto akitolewa amekosa yote mawili.

Na asomeshe nani? Mabibi wanaofinyanga na maseremala wanaotia nakshi milango. Hawana cheti cha ualimu, lakini kwa kazi hii wanawashinda wenye vyeti. Kamati ya skuli iwaite, iwaheshimu na iwalipe posho. Si haki bibi aliyefinyanga vyungu umri wake wote aitwe skuli siku ya sherehe tu, avae kanga mpya na kupigwa picha.

Somo la sanaa limo katika mitihani ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani la Tanzania, mitihani ambayo wana wetu wa Zanzibar nao wanaifanya. Hivyo si upuuzi wa kujaza kipindi cha mwisho. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina ofisi yake hapa Pemba. Iandike waraka mfupi useme kwamba chetezo, nakshi ya mlango na ubao wa lipu ni kazi halali za uchongaji darasani, na kwamba zitapewa alama sawa na sanamu ya kiumbe. Mwalimu akiwa na karatasi hiyo mkononi ataweza kukaa na wazazi wa Vitongoji na kuzungumza nao bila ya wasiwasi.