Sabuni na kura yangu wapi na wapi?

Makamanda, juzi alibisha hodi dada mmoja na kishikwambi, anafanya utafiti wa soko wa sabuni ya unga. Nikamkaribisha. Maswali mawili ya sabuni, kisha: "Kaka, kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi? Dini gani? Uchaguzi uliopita ulimpigia nani?"

Nikamuuliza, dada yangu, povu nalo lina chama? Akacheka. Eti swali lisipojibiwa mashine haiendi mbele. Halafu akaomba jina na namba ya simu!

Yeye simlaumu, analipwa kwa kila dodoso. Nawalaumu waliomtuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu dini na maoni ya kisiasa kuwa taarifa nyeti, na kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Mimi sikuonyeshwa hata pa kusaini. Kipato unakitaka? Weka makundi, weka na "sitaki kujibu". Lakini jina, simu na kura kwenye orodha moja, hiyo ya nini? Ikivuja kwa mtendaji wa mtaa, atakayehangaika ni muuza sabuni au mimi?

Akija kwako, mwambie aruke swali. Mashine ikigoma, mpe maji ya kunywa, aende.